Maji ya Mgeni

Kitanda kilikwama mlangoni. Vibarua wanne wakakirudisha nje, wakakilaza ubavu, wakasukuma tena, na chokaa mbichi ya mlangoni ikachubuka. Swaumu alisimama kando, mkono mmoja kiunoni na mwingine chini ya tumbo lake la miezi saba, akiwatazama wakimwingizia ndani kitu ambacho hakukiomba.

Kilikuwa kitanda cha chuma chenye vifundo vya shaba. Mwezi uliopita msimamizi mmoja wa Kijerumani alikufa juu yake kwa ile homa ya kukojoa damu, na godoro halikubadilishwa. Katikati palikuwa na doa la manjano, kubwa, lenye umbo la mgongo wa mtu. Vibarua wakaliona, wakatazamana, wakatandika juu yake blanketi jekundu jipya, na doa likawa halipo.

"Haya, mke wa mnyapara," mmoja akasema akijifuta jasho. "Leo utalala kama malkia wa Ulaya."

"Lala wewe," Swaumu akamjibu. "Mkekani kwangu hajafa mtu."

Wakacheka, wakaondoka, wakarudi na vitu vingine: kioo, taa ya mafuta, saa ya ukutani isiyotembea, vikombe sita vya bati vyenye rangi nyeupe. Vyote vilitoka ghala la bwana wa shamba, na kesho jioni vyote vingerudi ghalani. Kesho alikuwa anakuja mgeni kutoka Ulaya, mtu wa kuandika vitabu, naye alitaka kuona kwa macho yake jinsi wenyeji walivyoinuka kimaisha tangu shamba la mkonge lianze. Bwana wa shamba, ambaye vibarua walimwita Bwana Filimbi kwa sababu ya ile filimbi iliyoning'inia shingoni mwake saa zote, alikuwa amechagua nyumba ya kumwonyesha. Alichagua ya Mwinjuma mnyapara, mume wa Swaumu, kwa kuwa ndiyo pekee katika makambi iliyopakwa chokaa.

Chokaa haikuzuia harufu. Mashine ya kukamua mkonge ilisimama juu kidogo ya makambi, karibu na reli itokayo Korogwe kwenda Mazinde. Mchana kutwa ililishwa majani. Upande mmoja ikatoa nyuzi, upande wa pili ikatapika uji wa kijani. Uji ule uliteremka kwa mfereji mpaka kwenye kijito, ukalala humo, ukachacha, ukaota povu. Ulinuka kama tumbo la ng'ombe lililosahauliwa juani. Ulikaa kwenye nywele, kwenye kaniki, kwenye ugali. Ukifumba mdomo uliusikia puani, na ukiziba pua uliuonja ulimini. Na maji ya kijito kile ndiyo watu wote wa makambi waliyoyanywa, maana kisima kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa ndani ya ua wa Bwana Filimbi.

Mwinjuma alikuwa haisikii tena harufu ile. Hilo ndilo lililomtia Swaumu kinyaa kuliko harufu yenyewe. Alimwona mumewe akichuchumaa ukingoni mwa mfereji na sahani ya nyama, inzi wakimtua kwenye midomo, naye anatafuna, anasimulia, anacheka. Pua yake ilikuwa imekufa.

Hakuja pale kwa kupenda. Miaka mitatu nyuma akida alifika kwao Misima, akasimama mbele ya watu, akasema, "Ninyi ni maskini. Hamna hata hela moja ya kodi." Watu wakatazamana, kwa sababu maghala yao yalikuwa yamejaa mahindi na mbuzi walikuwa wanapiga kelele zizini. Hakuna aliyewahi kumwita mwenzake maskini pale, isipokuwa mzee mmoja aliyegombana na kila mtu, na hata huyo walimlimia shamba alipougua. Lakini akida alitaka rupia, si mahindi. Mwinjuma akaenda kwenye shamba la mkonge kufanya kipande kimoja cha kazi, siku thelathini. Kikazaa cha pili, cha pili kikazaa cha tatu. Sauti yake kubwa ikampatia unyapara, akamwita mkewe na mtoto wao, Amne.

Amne alikufa mwaka uliopita. Alihara siku mbili. Siku ya tatu hakubaki na kitu cha kuhara. Kwao Misima, kilio kimoja kingejaza ua. Pale makambini Swaumu alilia, na watu waliokuwa wanapita kwenda kazini wakageuza shingo kidogo, wakaendelea. Hawakuwa watu wabaya. Walitoka mbali, kila mmoja kwao, na filimbi ilikuwa imeshalia. Swaumu alimwosha mwanawe peke yake, kwa maji ya kijito, maji yale yale yaliyomuua. Wanaume wanne walikuja kuzika wakati wa mapumziko, mikono yao inanata utomvu wa mkonge. Mmoja akauliza, "Wa kike au wa kiume?" Filimbi ikalia kabla Swaumu hajajibu, wakakimbia.

Tangu siku hiyo alitaka jambo moja. Huyu wa tumboni asizaliwe hapa. Azaliwe Misima, mikononi mwa mama yake na shangazi zake, aogeshwe kwa maji yasiyonuka. Lakini Misima ilikuwa ng'ambo ya mto, na mtu wa makambi hakuvuka bila barua ya bwana wa shamba. Askari wa kivukoni waliwarudisha watu kwa viboko, wanawake pia.

"Baba Amne," alisema jioni ile, Mwinjuma alipoingia na kukizunguka kitanda kama mtu anayemzunguka ng'ombe wa kununua. "Barua yangu umeiulizia?"

"Nimeiulizia. Amesema mgeni kwanza, barua baadaye." Akabonyeza blanketi kwa kidole. "Mama yangu! Laini!"

"Usikae hapo. Pana doa la marehemu."

"Doa liko chini, mimi nitakaa juu." Lakini hakukaa. "Sasa sikiliza. Kesho ukiulizwa kama una shida, useme huna."

"Ninayo."

"Unayo, lakini useme huna. Kesho tu, Swaumu. Useme huna, upewe barua, uende kwenu ukaseme unazo zote mpaka ukauke koo."

Swaumu akacheka bila kutaka. Ndivyo alivyokuwa Mwinjuma. Hata akikuudhi alikuchekesha. "Nitasema sina," akasema.

Mgeni alifika asubuhi, jua likiwa limepanda. Alikuwa mrefu, mwembamba, nywele zimemtoka masikioni, na mkononi alishika leso yenye manukato ambayo hakuiondoa puani tangu aliposhuka kwenye kigari cha reli. Nyuma yake alikuja Bwana Filimbi, na nyuma yao karani Lukasi, kijana wa Kishambaa aliyesomeshwa na wamisheni mpaka akajua Kijerumani. Mgeni hakujua Kiswahili. Kila neno lilipita kwa Lukasi.

Manukato na harufu ya mfereji vilikutana katika chumba kile kidogo, na Swaumu akageuzia uso mlangoni. Mgeni akakaa kitandani, juu kabisa ya mgongo wa yule marehemu, akatabasamu, akafungua daftari.

"Anauliza mna vitanda vingapi," Lukasi akasema.

"Kimoja."

"Mnakula nyama?"

"Tunakula." Hakusema ni nyama gani, wala kwamba mara nyingi hufika imeshageuka rangi na kazi yake ya kwanza ni kuichambua funza.

"Nguo unazo ngapi?"

Akasema. Mgeni akaandika. Akauliza habari za taa, akauliza habari za kioo, akamwomba ajitazame ili aone kama anajua kukitumia. Swaumu akajitazama. Mwanamke wa kwenye kioo alikuwa na mashavu yaliyobonyea na macho ya mtu asiyemwamini anayemtazama. Bwana Filimbi akacheka. Mwinjuma, aliyesimama mlangoni kwa heshima kama mlingoti, akacheka pia.

Swaumu alingoja. Alidhani mtu aliyetoka mbali hivyo, kwa meli na kwa reli, lazima atafika kwenye swali lenyewe. Atauliza una watoto wangapi. Atauliza ukiugua nani anakuja kukupikia. Atauliza hayo maji mnayachota wapi. Mgeni akahesabu vikombe.

Mwisho akafunga daftari nusu, kidole chake kikiwa ndani, akasema jambo kwa sauti ya upole.

"Anauliza, katika raha zote hizi, kuna kitu unachotamani bado?"

Mwinjuma akakohoa mlangoni. Swaumu akainamisha kichwa. Hii si shida, akajiambia, hii ni haja. Nilikatazwa kusema shida.

"Shida sina. Ninaomba barua tu, nivuke mto, nikajifungulie kwetu Misima."

Lukasi akafasiri. Mgeni akainua nyusi.

"Anauliza huko Misima kuna nini."

"Yupo mama yangu. Wapo shangazi zangu."

"Wana kitanda?"

"Hawana."

"Wana taa?"

"Hawana taa. Wana kuni."

"Sabuni?"

Swaumu akamtazama Lukasi usoni. "Kaka, na wewe kwenu milimani ulizaliwa juu ya sabuni?"

Lukasi akauma mdomo. Hakulifasiri. Akasema neno moja fupi, na mgeni akacheka kicheko cha huruma, akaandika mistari mingi, akamwambia Bwana Filimbi jambo. Bwana Filimbi akapiga makofi.

"Anasema," Lukasi akasema, na sasa alikuwa anaitazama sakafu, "mwanamke mwenye kitanda kama hiki itakuwa hasara arudi kuzalia kwenye vumbi. Amemwomba bwana ukae hapa. Mtoto wako ataandikwa kitabuni kwake, wa kwanza kuzaliwa juu ya kitanda katika shamba hili. Bwana amekubali. Barua haitolewi."

"Ndiyo, bwana!" Mwinjuma akaitikia kwa sauti yake kubwa.

Aliitikia kwa mazoea, kama anavyoitikia filimbi. Neno lilipokwisha kutoka ndipo alipolisikia, na uso ukamshuka. Swaumu akaona macho ya wote wanne yamehamia tumboni kwake, kama vile lilikuwa kitu kingine cha ghalani kilicholetwa kuonyeshwa.

Bwana Filimbi alimwonyesha kwa kidole chupa za maji zilizopangwa pembeni, maji ya kisima chake, yaliyochemshwa. "Mgeni kiu. Lete maji."

Swaumu akachukua kikombe cheupe. Akazipita chupa. Akaenda kwenye mtungi wake, akafunua kawa, akachota.

Kwao Misima, maji ya mgeni, mwenye nyumba huyaonja kwanza, mbele ya macho yake, ndipo humpa. Ni adabu aliyofundishwa kabla hajajua kufunga nguo. Alisimama mbele ya mgeni. Ndani ya kile kikombe cheupe maji yalionekana vizuri kuliko alivyowahi kuyaona katika kata: ya kijani, mazito kidogo, na uzi mmoja wa mkonge ukielea. Akanywa nusu, taratibu, bila kuondoa macho usoni kwa mgeni. Akampa nusu iliyobaki kwa mikono miwili.

"Karibu, mgeni."

"Ya chupa!" Bwana Filimbi akafoka. "Ya chupa, mjinga wewe!"

"Ya chupa si yangu, bwana. Mgeni wangu anakunywa maji yangu."

Mgeni hakuelewa maneno. Aliona desturi ya wenyeji, jambo zuri la kuandika, akafurahi. Akaweka leso pajani, akapokea kikombe kwa mikono miwili kama alivyopewa, akapiga funda kubwa.

Macho yakamtoka. Koo likapanda na kushuka. Kisha yote yakarudi, maji na chai na chochote alichokula asubuhi kwenye meza ya Bwana Filimbi, yakamwagika juu ya blanketi jekundu. Mwinjuma akaruka kusafisha. Akalivuta blanketi kwa nguvu, na pale chini, katikati ya miguu ya mgeni, mgongo wa manjano wa marehemu ukatokea. Mgeni akautazama. Akagusa suruali yake kwa nyuma. Akauliza swali.

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile, Lukasi alieleza kila kitu bila kuulizwa: kitanda cha nani, kimeletwa lini, kinarudi lini, na kwamba maji hayo watu wote wa makambi wanayanywa. Alisema haraka haraka, kama mtu anayetema kitu.

Mgeni akatoka nje akikimbia na leso usoni. Huko nje alitapika tena, na alipomaliza akaomba daftari lake. Aliandika akiwa amesimama. Lukasi alisoma juu ya bega lake, na baadaye alimwambia Swaumu maneno yenyewe. Mgeni aliandika kwamba wenyeji hata wakipewa vitu vizuri hawajui usafi.

"Ndiyo hayo tu?" Swaumu aliuliza.

"Ndiyo hayo tu, dada."

Mfereji hakuuandika. Kisima hakukiandika. Swaumu alitema mate chini, na hayakutosha.

Kabla ya adhuhuri unyapara ulikuwa umekwisha. Bwana Filimbi alimvua Mwinjuma kofia yake nyekundu ya unyapara kwa mkono wake mwenyewe, akamtuma kukata majani na wengine mpaka amalize kipande chake, siku kumi na saba zilizobaki. Nyumba akapewa mwingine. "Na huyu mwanamke," akasema, "avuke mto leo hii. Nisimwone tena. Mwandikie barua!"

Lukasi akaandika. Akapiga muhuri, akampa Swaumu karatasi huku midomo yake ikizuia kicheko. "Imeandikwa kwamba umefukuzwa kwa utovu wa adabu," akamnong'oneza. "Lakini kule kivukoni wanatazama muhuri, na muhuri ni uleule."

Vibarua wanne walikuja kutoa kitanda. Safari hii hakikukwama.

Mwinjuma alimsindikiza hadi pale mfereji unapokata njia. Alikuwa amenuna tangu nyumbani, kichwa wazi, kofia haipo. Alifungua mdomo kumlaumu, Swaumu aliona kabisa lawama inakuja. Badala yake akasimama, akakunja uso, akaziba pua kwa kiganja.

"Kunanuka," akasema.

"Kunanuka."

"Tangu lini kunanuka hivi?"

"Tangu tulipokuja, baba Amne."

Alibaki ameshika pua, machozi yakimlengalenga, na haikujulikana ni ya harufu au ya nini. "Siku kumi na saba," akasema. "Nikimaliza nakuja. Siongezi hata moja."

"Ukiongeza, usije." Kisha akapunguza sauti. "Pale kwa Amne, uweke jiwe. Wasije wakapitisha reli."

Alivuka mto jua likiwa limeinama. Askari alitazama muhuri, akamwacha apite. Alilala kwa watu wa ng'ambo, akaamka, akatembea taratibu kwenye njia ya Handeni, akipumzika kila tumbo lilipokaza. Adhuhuri, Misima ikiwa bado mbele, alifika kwenye nyumba chache za nyasi. Mwanamke mmoja wa makamo alikuwa anatwanga uani. Alimwona, akaacha mchi ndani ya kinu, akaingia ndani, akatoka na kata. Akaonja kwanza, kisha akampa.

Swaumu aliinusa ile kata kabla hajanywa. Aliona aibu, lakini alinusa. Hakukuwa na kitu. Akanywa mpaka chini.

"Mimi Mwanaidi," mwanamke akasema. "Na wewe ni mama nani?"

Mwaka mzima hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo. Kule alikuwa mke wa mnyapara. "Mama Amne," akasema.

"Amne yuko wapi? Umemwacha kwa bibi yake?"

Swaumu alitaka kujibu kwa ufupi. Hakuweza. Alisimulia kuhara, akasimulia maji, akasimulia wale wanaume wanne na filimbi, na kabla hajamaliza Mwanaidi alikuwa ameshatoka hadi njiani akiita majina. Wanawake wakaja, mmoja na jembe begani, mwingine na unga hadi viwikoni. Walitandika mkeka, wakakaa, wakamlilia mtoto ambaye hawakuwahi kumwona, kwa sauti, kama inavyotakiwa. Mmoja aliuliza Amne alikuwa ameanza kusema maneno gani. Swaumu akawaambia yote saba.

Baadaye, walipokwisha kupangusa macho, yule mwenye unga akajongea, akavuta pua.

"Samahani, mwenzetu. Lakini unanuka nini?"

"Na wewe, swali gani hilo!" Mwanaidi akamkaripia, ila naye alikuwa amekunja pua. "Vua hiyo kaniki, mwanangu. Chukua yangu."

Waliifua mara tatu. Maji ya kwanza yalitoka ya kijani, na ya pili, na hata ya tatu yalikuwa bado na povu na ile harufu ya tumbo la ng'ombe. Mwanaidi aliyabeba kwa mikono iliyonyooka, kichwa amekigeuza upande, akavipita visima, akaupita uwanja wa mbuzi, akaenda kuyamwaga mbali kabisa, mahali ambapo hakuna mtu anayechota kitu.